Pesa ya Nyumba Inaisha Asubuhi, Si Mchana

"Dada, mshahara ukiingia tarehe 25, tarehe 10 tayari tunakopa dukani kwa Mangi. Nyama nimepunguza, kuku tunamwona sikukuu tu. Nikate nini tena?"

Ujumbe huu umetoka kwa msomaji wa Dodoma, mama wa watoto watatu. Nilimuuliza swali moja tu: asubuhi mnakunywa chai na nini? Akanijibu kwamba ni maandazi ya jirani au mkate wa dukani, watoto wanabeba biskuti na juisi ya boksi, na jioni wakirudi wamechoka wanaagiza chipsi mayai. Mpenzi, pesa yenu iko hapo. Nyama unaionea bure.

Nasema hivi kwa sababu nimepita njia hiyo. Mume wangu alisimamishwa kazi, kodi ya nyumba ikapanda, na sisi tuna watoto wanne na mama mkwe. Chapati hapa mtaani Tabata ni shilingi 500. Kilo ya unga wa ngano naipata kwa shilingi 2,000 hivi, na inanitolea chapati 10 hadi 12. Weka mafuta, weka gesi, bado unabaki na karibu nusu ya pesa yako mkononi. Na hiyo ni chai ya siku moja! Nilianza na chapati, nikaja kwenye maandazi ya nazi na iliki, kisha vitumbua. Unga naukanda usiku nikishaosha vyombo, asubuhi ni kuchoma tu.

Baada ya hapo nikaugeukia ugali. Niliacha sembe ya pakiti, nikawa nanunua mahindi Tandale baada ya mavuno, bei ikiwa imeshuka, nayasaga dona. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Siku ya Idi, mbele ya wageni, wifi yangu alisema watoto wa kaka yake wanalishwa dona kama wako bweni. Watu wakacheka. Mama mkwe, anayekula chakula changu kila siku, alinyamaza. Nilikwenda jikoni nikapakua pilau ya watu wote huku machozi yananitoka, na hadi leo nikikumbuka moyo unaniuma. Lakini kiwanja cha Chanika tumemaliza kukilipia, na ada za shule hatudaiwi. Wifi bado amepanga.

Wanawake wenzangu, tuache kuona aibu kupika. Sote tunataka nyumba zetu na watoto wasome vizuri, halafu pesa tunaitoa mia tano mia tano kwa vitu ambavyo mikono yetu inaviweza. Anayekuita bahili hatakulipia ada. Pika mwenyewe, nasema tena, pika mwenyewe.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji hayo uyamwage, uchemshe kwa maji mapya. Yanaiva haraka na gesi inadumu. Yachemke haswa, hasa mekundu, maana yasipoiva sawasawa yanadhuru tumbo. Mimi nachemsha kilo mbili kwa mkupuo, nagawa kwenye vikopo, nagandisha. Siku ya uchovu ni kuunga tu kwa nyanya na nazi, na chipsi hazitajwi. Viungo vya pilau nunua vizima, binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, uvikaange bila mafuta kisha utwange. Harufu yake hata haifanani na ya pakiti.

Wewe wa Dodoma una bahati ambayo sisi wa Dar hatuna. Soko la nafaka la Kibaigwa liko mkoani kwako, na alizeti inalimwa na kukamuliwa hukohuko. Shirikianeni majirani wawili watatu, mchukue gunia moja la mahindi mgawane, na dumu moja la mafuta. Mahindi yatazame vizuri kabla hujalipa. Yakiwa na unyevu au ukungu yaache, hata ukipunguziwa bei namna gani, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa.

Umeniuliza pia ufanyeje na mume asiyetaka dona. Usigombane naye. Changanya sehemu mbili za sembe na moja ya dona, akizoea uende nusu kwa nusu. Usisage debe zima kwa mara moja, maana kiini cha mahindi kina mafuta na unga wa dona ukikaa sana unachacha. Akionja huo uliochacha mara moja, hutamrudisha tena. Saga wa wiki mbili, uuanike upoe kabisa kabla ya kuufunika, mahindi mengine yabaki kwenye gunia juu ya mbao, mbali na sakafu.