Bosi yuko safarini: saini ni ya nani?

Swali: Mimi ni ofisa katika wizara moja hapa Mtumba, Dodoma. Mkurugenzi wangu akienda Dar es Salaam kikazi hunipigia simu: "Endelea kusaini, nimekukasimu." Safari iliyopita aliniachia na nywila yake ya mfumo wa malipo. Je, huko ndiko kukasimu madaraka, yaani kumpa aliye chini yako mamlaka ya kutenda kwa niaba yako?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Na hiyo nywila mrudishie leo.

Tuanzie juu. Ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka 1977 inaweka mamlaka ya Serikali mikononi mwa Rais, ayatekeleze mwenyewe au kwa kuyakabidhi kwa wengine wenye madaraka serikalini. Mnyororo huo ndio unaokufikia wewe unaposaini "Kny: Katibu Mkuu", yaani kwa niaba yake. Barua hiyo ni ya Katibu Mkuu hata kama hajaiona. Yeye ndiye Afisa Masuuli, mwenye dhamana ya fedha za wizara, na hoja ya ukaguzi ikizuka ndiye atakayeitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Amekugawia kazi, lakini kujibu bado ni juu yake. Wewe utajibu kwake.

Kukaimu ni jambo jingine: hapo unashika kiti kizima kwa muda, na kwa barua. Tena, sheria ikimtaja mwenye cheo fulani kuwa mwamuzi, soma kwanza kama inamruhusu kumpa mwingine.

Nywila ndiyo inayonitia hofu. Ukiidhinisha malipo kwa nywila yake, mfumo utaonyesha kaidhinisha mkurugenzi, saa nne asubuhi, wakati yeye yumo ndani ya treni. Mkaguzi akiuliza, atasema hakuidhinisha, na wewe huna karatasi yoyote inayoonyesha ulitumwa. Nimewahi kumwona ofisa mwenzangu akihojiwa kwa kisa cha namna hii, na hakuwa amechukua hata shilingi.

Mwombe aandike dokezo kwenye jalada, yaani maelezo mafupi ndani ya faili la ofisi: usaini mambo gani, fedha zisizidi kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, na yapi yamsubiri. Likizo za watumishi, sawa; barua ya kumchukulia mtumishi hatua za kinidhamu, imsubiri.

Akiona uzito kuandika, andika wewe: "Kwa maelekezo yako ya simu ya leo saa tatu asubuhi, nimesaini barua iliyo folio 12. Naomba uthibitishe." (Folio ni namba ya karatasi ndani ya jalada.) Dokezo hilo nalo lipe namba, kisha masijala, watunza majalada, wampelekee jalada siku anayorudi.