Isikie satelaiti kwanza, ndipo ubonyeze

Ndugu wa Kakamega, umeuliza kwa nini kwenye SO-50, satelaiti ya wapenzi wa redio, unaita mwanzo mpaka mwisho bila kujibiwa, na kama ununue redio yenye wati nyingi zaidi. Usinunue. Je, wewe mwenyewe unaisikia?

SO-50 iko angani tangu Desemba 2002, na hurusha kwa nguvu ya robo wati tu. Inapokea kwenye 145.850 MHz pamoja na toni ya 67 Hz (mlio mzito ambao redio yako huuambatanisha na sauti), kisha inarusha kwenye 436.795. Ila kwa ajili ya mwendo wake, ikichomoza utaikuta karibu na 436.805, halafu inateremka hadi kama 436.785 inapozama. Wengi huweka masafa ya katikati, hufunga skwelchi (kizuizi cha kelele), redio ikanyamaza, nao wakadhani hakuna mtu. Kumbe kuna wawili wanazungumza. Kwenye FM mwenye mawimbi mazito humfunika mwenzake. Aliyekuwa anataja mraba wake wa gridi (msimbo wa mahali alipo kwenye ramani) anakatwa katikati ya herufi, na aliyemkata hana habari.

Kwa hiyo fungua skwelchi yote, vaa hedfoni, shika antena ya Yagi mkononi uielekeze satelaiti ilipo, kisha uizungushe taratibu kwenye mhimili wake mpaka ule mvumo upungue na sauti itoke safi. Usiposikia kitu, iache ipite. Isipokuwa moja: SO-50 ina saa ya dakika 10 inayoizima. Ikiwa kimya kabisa, iamshe kwa toni ya 74.4 Hz, sekunde mbili hivi, mara moja, urudi kusikiliza.

Ukiisikia, ngoja pengo. Taja alama yako ya wito yote, si herufi za mwisho tu, pamoja na mraba: wewe KJ70, sisi wa Kisumu, kusini ya ikweta, KI79. Ukijibiwa, thibitisha, shukuru, ondoka. Habari za antena na mvua zipeleke WhatsApp, maana satelaiti inapita kwa dakika 12 hivi, ikiwa juu sana, na njia ni moja kwa wote walio chini yake. Uliyezungumza naye jana anaweza kusubiri. Ukisikia kituo dhaifu kinahangaika, hasa cha mtu aliye safarini, mpishe. Hilo nalishikilia sana, kwa kuwa Afrika Mashariki tuko wachache na kila sauti mpya ni ya thamani.

Huku kwetu milima ya Nandi huziba kaskazini-mashariki, lakini upande wa ziwa uko wazi, hivyo satelaiti zinazochomoza magharibi tunazinasa mapema.

Kwenye satelaiti nyingine, RS-44, nguvu nyingi huharibu kwa namna nyingine: transponda (kifaa kinachopokea na kurusha upya mawimbi ya wengi kwa pamoja) hugawa nguvu yake kwa wote, ukizidisha wewe, wengine wote hushuka. Punguza mpaka ujisikie kwa shida kidogo. Satelaiti ya QO-100 nayo ina bikoni, yaani mawimbi yake ya kudumu ya kupimia; usiizidi nguvu.

Ukipata satelaiti ya jioni inayopita juu yetu, niandikie hapa saa yake. Nitakuita mara moja, nawe unipe KJ70.