Unga wa magoti wa mama: usiupime kwa ulimi

Dada, umeuliza kama unaweza kujua hapo nyumbani iwapo unga wa mitishamba anaotumia mama kwa magoti umechanganywa na dawa ya hospitali. Hapana, huwezi. Rangi na uchungu havikwambii kitu, maana miligramu chache za deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na maumivu, zinapotea kabisa ndani ya kijiko cha unga.

Maabara tunauloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi inayoyeyusha dawa, tunachuja, kisha tunadondosha tone kwenye bamba lililopakwa silika, na pembeni yake tone la deksamethasoni halisi. Bamba tunalisimamisha kwenye kiyeyusho, kinapanda polepole. Chini ya taa ya urujuanimno bamba linang'aa kijani, na doa jeusi la unga likisimama usawa mmoja na lile la dawa halisi, moyo unashtuka. Hapo bado ni shaka. Uthibitisho hutoka kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake.

Dawa iliyofichwa hivi inaweza kuua: Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari imeshuka vibaya, wanne wakafa. Dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiitwa za mitishamba, zilikuwa na glibenklamidi, dawa ya kisukari inayoshusha sukari.

Ila hayo uliyoyataja, maumivu kuisha siku moja na uso kuwa wa mviringo, ndiyo yananitia hofu. Tafadhali mama asiache unga ghafla! Kama ni steroidi, mwili huenda umepunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Mpeleke kwa daktari leo, pamoja na kopo lenyewe. Kwa hapa Tanzania, ulizia vipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usiuhamishie unga chombo kingine.