Shingo ileile, jibu jingine: kwa mnaoanza kupima madodoso hapa Tanga

Aliyenifundisha kazi hii ni bibi mmoja wa Ngamiani. Tulimpa dodoso la maumivu ya shingo mwishoni mwa Shaabani, na kwenye swali la kusoma akachagua jibu la kwanza kabisa: anasoma atakavyo bila maumivu. Baada ya wiki mbili tukampa dodoso lilelile. Safari hii akachagua kwamba hawezi kusoma apendavyo kwa sababu shingo inamuuma sana. Nilikaa na zile karatasi mbili nikadhani ama amezidiwa, ama amechoka na maswali yetu anajibu shingo upande.

Nikarudi kwake kumuuliza.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ile nilikuwa nasoma kurasa mbili tatu baada ya alfajiri, msahafu uko juu ya marufaa. Sasa ni Ramadhani. Nasoma juzuu zima kwa siku, na marufaa yenyewe kayachukua mjukuu kwenda nayo madrasa."

Akanionyesha anavyosoma: amekaa mkekani, msahafu mapajani, kidevu kimegusa kifua. Ukikaa hivyo saa nzima, hata shingo ya kijana italalamika. Ugonjwa wake haukuwa umebadilika, wala dodoso halikuwa na kosa. Sisi ndio tuliopanga tarehe bila kutazama kalenda ya watu tunaowauliza. Majibu ya usingizi nayo yalikuwa yameyumba kwa wengi, maana watu walikuwa wanaamka kula daku na kuchelewa kulala baada ya tarawehe. Ilitubidi tuirudie awamu nzima baada ya Idi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa fiziotherapia, kwa sababu wengi mnafika mkiwa na programu ya takwimu kichwani na mnaona kupima uthabiti wa dodoso ni hesabu. Swali la uthabiti ni jepesi kulisema: mtu ambaye hali yake haijabadilika, ukimuuliza tena, atakujibu vilevile? Ugumu uko kwenye maneno hayo "hali yake haijabadilika" na kwenye "ukimuuliza".

Dodoso tulilotumia ni NDI (Neck Disability Index), linalopima jinsi maumivu ya shingo yanavyomzuia mtu, lililochapishwa mwaka 1991 na Howard Vernon na Silvano Mior wa Kanada, wakilijenga juu ya dodoso la Oswestry la maumivu ya mgongo. Lina sehemu 10: ukali wa maumivu, kujihudumia, kunyanyua vitu, kusoma, maumivu ya kichwa, umakini, kazi, kuendesha gari, usingizi na burudani. Kila sehemu ina majibu sita, kuanzia 0 hadi 5, kwa hiyo jumla ni 50. Kabla ya kutafsiri dodoso lolote la namna hii, ombeni ruhusa kwa mwenye haki zake.

Kwenye tafsiri ndiko uthabiti unakofia mapema kabisa. Kichwa cha karatasi yetu ya kwanza kilikuwa na neno "ulemavu". Mzee mmoja alilisoma, akairudisha karatasi mezani taratibu akasema, "Mimi si mlemavu, mimi shingo imekaza tu." Baada ya hapo alijibu kila kitu 0 au 1. Tukaliondoa neno, tukaandika "jinsi shingo inavyokuzuia katika shughuli zako".

Sehemu ya burudani tuliiita "starehe". Mama wa heshima zake wa Chumbageni ukimuuliza kuhusu starehe zake, anasikia pombe na anasa. Wengine walijibu kwamba hawana starehe, wengine walicheka, wengine waliiacha wazi. Tulipoandika "mambo unayopenda kufanya ukiwa umepumzika", na mifano kama kusuka ukili, kucheza bao au kwenda harusini, majibu yalianza kutulia.

Ila kilichonichukua muda mrefu zaidi kukiona ni kunyanyua. Tulikuwa tumeandika "kubeba vitu vizito". Sasa mwanamke wa Muheza ukimwambia kubeba, siku moja anafikiria ndoo aliyoishika mkononi, siku nyingine anafikiria tenga la machungwa alilojitwika. Kwa shingo hivyo ni vitu viwili kabisa: mzigo wa kichwani unaikandamiza shingo moja kwa moja, wa mkononi unavuta bega. Kiswahili chetu kinatofautisha kunyanyua, kubeba na kujitwika vizuri sana, na sisi tuliokulia humo tulichagua neno linalofunika vyote. Swali la asili linauliza kuhusu kunyanyua, mzigo ukiwa sakafuni au mezani. Tukarudi kwenye "kunyanyua". Habari ya kujitwika tuliiuliza pembeni, nje ya alama.

Makosa haya yangeonekana mapema kama tungefuata hatua zote: watafsiri wawili wanaofanya kazi kila mmoja kivyake, wengine wa kuirudisha tafsiri kwenye lugha ya asili bila kuona dodoso la asili, kamati ya kulinganisha, kisha majaribio kwa watu 30 hadi 40. Sisi kwenye majaribio tuliwauliza, "Umeelewa?" Kila mtu akasema ndiyo. Usiulize hivyo. Mwambie, "Hebu nielezee kwa maneno yako swali hili linauliza nini," halafu nyamaza.

Sehemu ya kuendesha gari nitaisema kwa ufupi. Tanga ni mji wa baiskeli, na wagonjwa wengi hawajawahi kushika usukani. Msilazimishe jibu na msibadilishe gari kuwa baiskeli kimyakimya, maana hapo mmetengeneza dodoso jingine. Sehemu ikirukwa, gawanya kwa 45 badala ya 50: aliyepata 18 kwa 45 ana asilimia 40. La kuangalia ni kwamba aliyeiruka siku ya kwanza asije akaijibu siku ya pili. Kagua karatasi kabla hajainuka kitini.

Halafu nani anasoma? Dodoso ni la mtu kujijazia, lakini wapo wasioona maandishi vizuri na wapo wasiojua kusoma. Siku ya kwanza anasomewa na dada wa mapokezi, anajibu kwa uwazi. Siku ya pili anasomewa na mtaalamu anayemtibu, anaona haya kumwambia kwamba bado inauma, anapunguza. Tofauti hiyo utaihesabu kama udhaifu wa dodoso, kumbe ni adabu ya mgonjwa. Siku hizi kila fomu yangu ina nafasi ya kuandika saa, mahali, aliyesoma, na kama mgonjwa alikuwa na miwani yake. Awamu ya pili inafuata yote hayo vilevile.

Muda kati ya awamu mbili uwe wa kutosha kusahau majibu na usiwe mrefu hata hali ikabadilika. Wiki moja hadi mbili kwa maumivu ya muda mrefu hufaa. Mgonjwa mwenye maumivu ya siku tatu hafai, anaweza kupona katikati. Siku ya pili muulize kwanza: shingo yako ukilinganisha na siku ile ni nafuu, ni vilevile, au imezidi? Wanaosema vilevile ndio wa kuingia kwenye hesabu. Na uulize bila kukemea kama alikwenda kukandwa, maana wengi wetu huenda, na ukikunja uso hutaambiwa.

Kuhusu idadi, mizani ya ngazi nne ya COSMIN, mwongozo wa kupima ubora wa tafiti za vipimo vya afya, ilihesabu chini ya watu 30 kuwa dhaifu, 50 hadi 99 kuwa nzuri na 100 kwenda juu kuwa bora. Panga wa ziada, kwani wengine hawatarudi.

Kwenye hesabu, achaneni na uwiano wa Pearson kwa kazi hii, maana unaonyesha tu kama alama za awamu mbili zinapanda na kushuka pamoja. Kila mtu akiongezeka alama 5 awamu ya pili, Pearson bado itakupa 1 kamili, kama vile hakuna kilichotokea. Ramadhani ile ingetupita hivyo hivyo. Tumieni ICC, kipimo cha jinsi majibu ya awamu mbili yanavyolingana, ya aina inayohesabu makubaliano, na mchore mchoro wa Bland na Altman wa 1986, unaoonyesha tofauti ya awamu mbili kwa kila mtu, ili mwone kama awamu moja imepanda yote. Alfa ya Cronbach inaeleza kama maswali yanashikamana. Haijibu swali la kurudia.

Na msiishie kwenye ICC. Tuseme ni 0.90 na mchepuko sanifu, yaani jinsi alama za watu zinavyotawanyika, ni alama 8. Toa 0.90 kwenye 1, chukua kipeuo cha pili cha 0.10, zidisha kwa 8: kosa sanifu la kipimo, yaani kiasi ambacho alama huyumba hata hali isipobadilika, ni kama alama 2.5. Lizidishe kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 7. Kwa mfano huo, mgonjwa mmoja akishuka kwa alama zisizofika 7, huwezi kudai kwa uhakika kwamba amepata nafuu.

Juzi fundi cherehani mmoja alishuka kutoka 20 hadi 16 akafurahi sana. Sikumkatisha furaha, wala sikumwandika kuwa amepona. Nilimwomba aendelee na mazoezi na arudi baada ya wiki mbili, kisha nikajaza pembeni mwa fomu: saa tatu asubuhi, chumba kilekile, amesoma mwenyewe, miwani anayo.