Tambi za utingo

Mhariri, mmetuuliza wasomaji: jioni ya baridi, jiko moja, sufuria moja, unawapikia nini watu wa nyumbani kwako, na nani alikufundisha? Mimi napika tambi za nyama, zinazoivia humo humo ndani ya mchuzi wake. Aliyenifundisha ni dereva wa lori, na darasa lilikuwa kivulini mwa tela.

Kabla ya kufungua kibanda changu cha kuziba pancha hapa Uyole, Mbeya, nilikuwa utingo kwa miaka sita, Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Aliyewahi kukaa foleni ya Tunduma anajua: lori linasogea urefu wake mwenyewe, halafu linalala. Mama ntilie wapo, tena wazuri, ila posho ya siku mbili ikilazimishwa kuwa ya siku tano, mnapika wenyewe. Tulikuwa na mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, sufuria moja, mwiko, kisu na chupa ya chai. Maji tulinunua kwa dumu. Kuchemsha tambi kwenye maji tele kisha kuyamwaga, kama pakiti inavyoelekeza, kwetu ilikuwa anasa. Suka wangu, yaani dereva, alikuwa akisema maji aliyoyatolea hela hayamwagi, anayala.

Viungo vya sufuria ile vilifuata barabara. Vitunguu tulichukua Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuupanda Kitonga. Nyanya ni Ilula. Ukipita Ilula ukatoka bila nyanya, basi ama ulikuwa umelala ama mfukoni hamna kitu. Karoti na njegere tulizipata tukishafika huku juu, kwenye baridi. Nyama ilinunuliwa mwisho kabisa, Mbalizi au Vwawa, maana ndani ya lori hakuna friji. Tambi ndizo pekee zilizotoka nasi Dar, kwani hazina haraka.

Siku ya kwanza nilipoachiwa mwiko nilitia vyote kwa pamoja: maji ya baridi, nyama, vitunguu, tambi. Nikafunika, nikaenda kupiga soga kwenye lori la nyuma. Niliporudi nilikuta uji wa rangi ya kutu, na nyama imepauka kama ya kuchemshia mgonjwa. Suka akaonja, akaweka kijiko chini, akaniambia, "Kijana, hii tukabandikie mabango." Tuliila, lakini. Kesho yake akanikalisha.

Somo lake lilikuwa na mambo mawili, nyama na maji. Mengine yote aliyaita mapambo.

Nyama ni nusu kilo ya steki kwa pakiti ya gramu 500, na pakiti hiyo inatosha watu sita wanaokula kwa adabu au wanne waliotoka kushusha mzigo. Yeye hakutaka nyama ya kusaga kwa sababu kwenye mashine ya bucha hujui kilichotangulia. Alikata kwa kisu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mimi siku hizi nasagisha, ila nachagua steki yangu mwenyewe na nasimama pale pale naiangalia ikiingia. Mafuta vijiko viwili, sufuria ipate moto, kisha nyama peke yake. Vitunguu bado. Nyama itatoa maji yake, itatokota humo na kuwa ya kijivu, na mwenye njaa atadhani imeiva. Acha yakauke. Maadamu kuna maji, joto halivuki lile la maji yanayochemka, na kwa joto hilo nyama haikaangiki hata ukeshe. Yakiisha utasikia mlio unabadilika, kutokota kunaondoka, unakuja mlio mkali wa mafuta. Hapo ndipo inapogeuka kahawia na kuanza kushika chini. Mke wangu mara ya kwanza alikuja mbio akidhani naunguza. Ukoko ule ndio rangi ya mchuzi, ndio na ladha yake. Ukitia vitunguu vitatu vilivyokatwakatwa, unyevu wake unaubandua wenyewe, wewe unapitisha mwiko tu.

Mapambo nayataja haraka. Kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, karoti mbili za kukwaruza, hoho ikiwepo, nyanya sita zilizoiva sana, kijiko cha nyanya ya kopo, chumvi, pilipili manga. Nyanya zipikwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Nyanya mbichi haziiviki tena vizuri ukishajaza maji. Njegere zikiwa laini zinaingia pamoja na tambi, zikiwa zimekomaa zitangulie.

Sasa maji. Nilipokuwa barabarani niliona jambo nikadhani ni tambi zilizokaa sana dukani. Pakiti ya aina ile ile, nikipika Dar, inaiva kwa dakika kumi zilizoandikwa. Nikipika Uyole, dakika kumi zinaisha na ndani bado kuna kiini kigumu. Aliyekuja kunieleza ni mteja wangu, mwalimu wa fizikia, siku moja akisubiri tairi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yanawahi kuchemka, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanabubujika vile vile na mvuke unatoka vile vile, ila hayana ule moto wa Dar. Kuongeza mkaa ni kukausha mchuzi bure, joto la maji halipandi. Kinachotakiwa ni muda. Nikaelewa na kwa nini maharage ya huku yanamaliza mkaa.

Basi kwa pakiti moja natia lita moja na robo, maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, na nusu lita nyingine naiacha humo kwenye chupa kama akiba. Yawe ya moto. Ukitia ya baridi sufuria inazizima, tambi zinakaa zinaloa kwa muda mrefu na kumomonyoka kabla hazijaiva, na huo ndio uji wangu wa Tunduma. Nazivunja katikati, nazizamisha, na dakika tatu za mwanzo siondoki, nakoroga, maana wakati huo ndipo zinaposhikana. Kisha napunguza moto na kuacha mfuniko wazi nusu. Naanza kuonja dakika ya kumi na mbili. Mara nyingi ni kumi na tano. Zikinywa maji yote kabla ya kuiva, chupa ya chai iko pembeni, naongeza kidogo kidogo. Ule unga unaotoka kwenye tambi, ambao wengine wanaumwaga pamoja na maji, humu unabaki na kuufanya mchuzi uwe mzito, ushike kila uzi. Epua ukiwa bado na majimaji, kwani hata kwenye sahani zinaendelea kunywa.

Mdogo wangu aliyesomea mambo ya hoteli ananiambia Waitaliano wangelia wakiona. Inawezekana. Lakini ni yeye huyo huyo aliyenieleza kwamba huko Bologna mapishi ya mchuzi wao wa nyama yaliwekwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji mwaka 1982, kwamba hayana kitunguu saumu, yana divai na maziwa, na kwamba wao wanaulia na tambi pana, si hizi nyembamba za mviringo. Basi yangu si ya Bologna, na sijawahi kusema ni ya Bologna. Ila yale maziwa niliyajaribu, nusu kikombe mwishoni, na maziwa Uyole si ya kutafuta kwa tochi. Mchuzi ulipoa ukali wa nyanya. Nimeyabakiza. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na kwake tambi ni za sukari, iliki na tui la nazi wakati wa futari, alishinda wiki nzima akinicheka kwamba nimetia nyama kwenye kitindamlo.

Neno moja kwa wanaopika kwa mkaa, kwa kuwa mmesema jioni ya baridi. Juni na Julai huku watu hulivuta jiko ndani wapate joto wakati sufuria inaiva, na wengine hulala nalo. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu ya kukushtua, na kila msimu wa baridi unasikia nyumba ambayo hawakuamka. Mimi napikia barazani, nimevaa koti. Sufuria ndiyo inaingia ndani, jiko linabaki nje.

Nyumbani mpishi wa jioni ni mimi, kwa sababu kibanda nakifunga saa kumi na mbili na mke wangu anauza vitenge Mwanjelwa hadi saa mbili usiku. Watoto hawana neno, wanakwangua mpaka chini. Kesi yangu ilikuwa kwa mama yangu mzazi, alipokuja kutoka Tukuyu kukaa nasi. Siku hiyo mke wangu alikuwa nyumbani. Nikamwandalia mama sahani, nikamnawisha. Akaitazama vizuri, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na chakula kiko wapi?" Nikamwambia, "Mama, ndicho hiki." Akasema ndaga, yaani asante, akaisogeza sahani mbele kidogo, akasubiri.

Mke wangu aliwahi kuelewa kuliko mimi. Akachukua ile chupa ya chai yenye akiba yangu ya nusu lita, akatoka nayo barazani, akatafuta sufuria ndogo. Ugali ulipofika mama akamega tonge, akalibonyeza, akakokota nalo tambi na nyama kama anavyokokota mboga yoyote. Akamaliza. Akaomba aongezewe, tambi, si ugali.

Kwa hiyo mhariri, jibu langu kwenu lina kasoro. Ni sufuria moja siku ambazo mama yuko Tukuyu. Akiwepo ni mbili.