Mmoja Anataka Theluji, Mwingine Anataka Mji

Tangu nilipogusia hapa kwamba mimi na mume wangu tulikwenda Austria msimu wa baridi, mmeniandikia wengi, na karibu wote mko wawili wawili: wachumba, maharusi, wenye ndoa za miaka mingi. Leo najibu maswali sita.

Shikamoo dada. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Yeye ana hamu ya kuteleza kwenye theluji, mimi nataka miji ya kale na majumba ya wafalme. Tuna siku kumi tu. Tuzigawe vipi bila kununiana? (Dar es Salaam)

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana. Kosa la wengi ni kuikata safari vipande viwili: siku tano kijijini mlimani, siku tano mjini. Vijiji vya skii vinapendeza, lakini asiyependa theluji hana pa kwenda kule. Saa tatu asubuhi mwenzake ameshapanda, yeye amebaki dirishani hotelini anasubiri jioni. Tafuteni mji wenye mlima mlangoni. Kwangu mimi mji huo ni Innsbruck.

Innsbruck iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964 na tena 1976. Simama mbele ya Goldenes Dachl, kile kibaraza cha enzi za Kaisari Maximilian I chenye vigae 2,657 vya shaba iliyopakwa dhahabu, kisha inua macho: mlima uko pale pale juu ya paa. Hatua chache kutoka hapo kuna kituo cha treni ndogo ya kupandia, kilichobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid, na paa lake limejikunja kama barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Ukishuka kwenye treni hiyo unaingia kigari cha waya, na baada ya muda mfupi uko Seegrube, mita 1,905 kutoka usawa wa bahari. Asiyeteleza anaweza kupanda na viatu vyake vya kawaida, akanywa chai akiutazama mji wote chini, kisha akateremka kuzunguka mitaani. Mteremko wenyewe wa upande huo ni mkali, si wa wanaoanza. Mumeo aende mlima wa Patscherkofel, upande wa pili wa mji.

Laleni Vienna usiku tatu, Innsbruck nne, Salzburg mbili, mwondokee uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, ili msirudi njia mliyoijia. Vienna hadi Innsbruck ni saa nne na ushei kwa treni, na dirisha lenyewe ni sehemu ya safari. Pale Vienna, nakusihi, ingia Kunsthistorisches Museum, jumba la sanaa, ukamtazame mchoraji Bruegel. Kuna picha yake ya mwaka 1565: wawindaji wanarudi na mbwa wao waliochoka, theluji imefunika kila kitu, na chini kabisa watu wadogo kama sisimizi wanacheza juu ya bwawa lililoganda. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaja kunitafuta. Siku nne baadaye tulikuwa juu mlimani, kunguru akapita chini yetu kama ndege wa kwenye ile picha, nikaikumbuka yote. Ndiyo maana nasema mji utangulie, theluji ifuate.

Salzburg ni ya kupumzisha miguu. Nyumba alikozaliwa Mozart mwaka 1756 iko Getreidegasse namba 9, na ngome ya juu ilianza kujengwa mwaka 1077. Na kumbukeni kwamba Jumapili maduka mengi ya Austria yanafungwa.

Mchumba wangu alisoma Ulaya na anajua skii. Anasema tusipoteze hela kwa mwalimu, atanifundisha mwenyewe. Nikubali? (Nairobi)

Usikubali, mpenzi. Mume wangu naye alisema hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza nilivaa zile buti ngumu za plastiki zenye vifungo vya chuma. Kifundo cha mguu hakigeuki ndani yake, unatembea kama mtu aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Tukafika kwenye kimteremko cha wanaoanza, akaniambia, "Inama mbele." Mwili mzima ukakataa. Mtu akiona mteremko hujivuta nyuma, ndivyo tulivyoumbwa. Nilipojivuta nyuma, skii, zile mbao ndefu za kutelezea, zikachomoka mbele, nikakaa kitako. Mara ya pili hivyo. Mara ya tano sauti yake imeshapanda, mimi nimeshanyamaza, na mchana tulikula kila mmoja akiangalia sahani yake.

Alasiri nikajiunga na darasa. Mwalimu kwanza alininyang'anya fimbo. Akaniambia nitanue visigino, ncha za skii zikaribiane kama paa la nyumba, na niiegemeze miundi kwenye buti. Hakusema tena "inama". Alisema, "Nitazame mimi, usitazame miguu." Kabla ya saa moja kuisha nilikuwa nasimama pale ninapotaka. Kujua jambo ni kitu kimoja, kulifundisha ni kingine, na kumfundisha unayempenda ni kigumu kuliko vyote. Mpe mchumba wako siku mbili ateleze kwa raha yake, siku ya tatu mteremke pamoja.

Vifaa mkodi, msinunue. Dukani watakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako. Sema ukweli, hasa wa uzito, kwa sababu ndio wanaotumia kurekebisha kifungio kinachoachia skii ukianguka. Ukidanganya, skii inaweza kung'ang'ania na goti likajipinda.

Na asikwambie mtu kwamba mchezo huu si wetu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye skii ya milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang.

Assalamu alaykum. Mimi na mke wangu tumeteleza mara nyingi kwenye ukumbi wa theluji Dubai. Tuanze na njia nyekundu? (Muscat)

Wa alaykum salaam kaka. Anzeni na buluu. Mteremko mrefu wa ukumbi ule ni mita 400 hivi, na theluji yake haibadiliki. Mlimani asubuhi njia imelainishwa na mashine, mchana imejaa matuta, kivulini kuna barafu tupu, na wingu likishuka huoni ncha za skii zako. Austria buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Shikeni pia hili: aliye mbele yako hana macho kisogoni, kwa hiyo anayetokea nyuma ndiye anayepaswa kumkwepa.

Mimi navaa hijabu. Nitavaaje huko, na vipi kuhusu chakula na swala? (Zanzibar)

Vaa ushungi wa kuvuta, mwepesi, usio na pini hata moja, kwa sababu pini chini ya helmeti itakuumiza kutwa nzima. Ncha zake zote ziingie ndani ya koti. Kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa kwenye viti vya waya vya kupandia mlimani, na hilo ni jambo la hatari. Nguo ya ndani iwe ya sufu au kitambaa kinachokauka upesi. Pamba hushika jasho, nalo likipoa unatetemeka. Soksi vaa jozi moja tu, kwa sababu mbili hujikunja na kubana damu. Paka mafuta ya kukinga jua hata kama ngozi yako ni nyeusi, maana theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi.

Chakula cha mlimani kina nguruwe mwingi. Neno la kulikwepa ni Speck, yaani nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na huwa inajificha hata ndani ya madonge ya mkate. Mimi nilikula sana Käsespätzle, tambi fupi za jibini na vitunguu vya kukaanga. Kwenye Kaiserschmarrn, ile chapati tamu iliyochanwachanwa, uliza kama zabibu zimelowekwa kwenye ramu. Na Desemba mchana ni mfupi: Magharibi Innsbruck huingia saa kumi na nusu hivi jioni, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri zote zitakukuta mlimani. Jipange mapema.

Viza tuombe ubalozi gani, kama tunapita Austria na Ujerumani? (Arusha)

Ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingilia. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Msingoje hizo siku 15. Bima inatakiwa iwe ya angalau euro 30,000, lakini isomeni yote: nyingi hazigusi michezo ya theluji, wala helikopta ya kukutoa mlimani. Lipieni nyongeza hiyo.

Mke wangu anaogopa skii kabisa, na simlazimishi. Kuna kitu cha theluji tunachoweza kufanya pamoja? (Kigoma)

Kipo, na nimefurahi kwamba humlazimishi. Kodini sleji ya mbao, kile kigari kisicho na magurudumu cha kutelezea theluji mkiwa mmekaa. Tirol, mkoa wenye Innsbruck, ina njia zake maalumu, mbali na wanaoteleza kwa skii. Mnakaa wawili, mwepesi mbele, mzito nyuma akishika kamba. Ukitaka kukata kushoto, kanyaga theluji kwa mguu wa kushoto. Ukitaka kusimama, bana nyayo zote mbili chini. Vaeni helmeti, mwende mchana kabla njia haijaganda. Na yeye ndiye aamue mwendo.