Kuua uvimbe kwa mawimbi ya sauti
Umeuliza kama mawimbi ya ultrasaundi, yale yale yanayotumika kumtazama mtoto tumboni, yanaweza kweli kuua uvimbe bila kisu. Yanaweza. Mawimbi hutumwa kutoka pande nyingi, kila moja likiwa hafifu kiasi cha kupita kwenye ngozi bila kuidhuru, lakini yanapokutana mahali pamoja, padogo kama punje ya mchele, joto hupanda kupita nyuzi 55 na seli za hapo hufa, huku daktari akifuatilia joto hilo kwenye picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku. Marekani iliidhinisha tiba hii kwa faibroidi za kizazi, yaani uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye kizazi, mwaka 2004.

Mawimbi haya yanaweza pia kusaidia kupitisha dawa mwilini, na hapo matumaini yangu makubwa yako kwenye ubongo. Kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni huzuia dawa nyingi za saratani zisipenye. Viputo vidogo mno vya gesi vikiingizwa kwenye damu na kutikiswa na mawimbi ya nguvu ndogo, kuta hizo huachia kwa saa kadhaa, kisha hujifunga zenyewe. Mwaka 2015, Hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto ilitumia njia hiyo kupitisha dawa ya saratani iitwayo doksorubisini kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo. Matumizi haya ya pili bado yamo kwenye majaribio, kwa hiyo mgonjwa asisitishe matibabu anayoendelea nayo.